Nyasi za Tambarare Mlangoni Pako: Bustani ya Moshi Inayoishi kwa Mvua

Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Ukoka uliotandazwa uwanjani hapa Moshi mjini, jua la Januari likiuchoma, unataka kama milimita 5 kwa siku ili ubaki kijani. Uwanja wa mita 10 kwa 10 basi utakunywa lita 500 kwa siku: ndoo 25 za lita 20 leo, na kesho ndoo nyingine 25. Maji hayo yanatoka kwenye chemchemi na mito ileile ya Kilimanjaro inayojaza bomba la jirani yako, mifereji ya mifongo inayonywesha migomba ya Kibosho na Uru, na majaruba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni. Kuyamwaga kila jioni juu ya majani ambayo wiki ijayo utayafyeka ni jambo ambalo siwezi kumshauri mtu yeyote.

Sasa shuka barabara ya kwenda kiwanda cha sukari cha TPC mwezi huohuo wa Januari, au pita ile ya Himo hadi Njia Panda. Pembeni mwa lami zimesimama nyasi ambazo hakuna binadamu aliyewahi kuzimwagilia. Nyingine zimegeuka dhahabu, nyingine zina rangi ya kutu, nyingine zimebeba maua ya waridi yanayong'aa jua likiwa limelala. Ukizivuta hazing'oki. Zimezima majani yao ya juu na kuficha uhai wao chini, kwenye shina fupi na mizizi mirefu, zikingoja Machi. Mvua mbili tatu nzuri zikinyesha, wiki moja haipiti kabla hazijachipua.

Nyasi hizo ndizo mada ya mwongozo huu. Wapenda bustani wa Ulaya, Marekani na Australia wamekuwa wakizipanda kama mapambo kwa miaka mingi. Mjerumani Karl Foerster wa Potsdam aliandika kitabu kizima kuhusu nyasi na kangaga bustanini mwaka 1957, na kule New York mtunzi wa bustani Piet Oudolf amezipanda juu ya reli ya zamani iliyogeuzwa bustani ya umma, High Line, iliyofunguliwa mwaka 2009. Baadhi ya nyasi zinazouzwa huko kwa bei kubwa asili yake ni nyika zetu hizi. Wewe unazo kilomita 10 kutoka sebuleni kwako.

Ukoka usiung'oe wote. Bakiza kipande ambacho watoto wanachezea mpira na ambacho wageni wa kipaimara watakaa. Kilichobaki, hasa ile pembe ya mbele ambayo hakuna mguu unaokanyaga, kigeuze.

Unaishi wapi mlimani?

Kabla hujanunua chochote, jua unaishi chini ya mvua ipi. Mji wa Moshi uko mita 800 hadi 900 hivi juu ya usawa wa bahari, na hupata kama milimita 900 za mvua kwa mwaka. Zaidi ya nusu yake humwagika kati ya Machi na Mei. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni kukavu, vuli ya Novemba na Desemba haina uhakika, kisha jua la Januari na Februari linakausha kilichobaki. Ukishuka kusini mpaka mashamba ya miwa ya Arusha Chini, mvua inapungua hadi milimita 500 hivi. Ukipanda Kibosho au Machame, kwenye mita 1,400, unavuka milimita 1,500. Safari ya daladala ya chini ya saa moja inakubadilishia hali ya hewa kabisa, ndiyo maana ushauri wa bustani unaosikia kwa shangazi yako wa Marangu unaweza usifae nyumbani kwako Njia Panda.

Wakazi wa mjini, Mabogini, Kahe, Himo, Bomang'ombe, KIA, na Rombo ya chini kuelekea Holili, ninyi ndio wenye neema katika jambo hili. Nyasi za nyika ziko kwao hapo. Wa ukanda wa kihamba, yaani mashamba ya migomba ya mlimani, kuanzia kama mita 1,200 kwenda juu, mna mvua ya kutosha na kivuli cha migomba na migrevilea. Nyasi ya tambarare ikipandwa humo hurefuka, hulegea na kulala chini. Kwenu nyasi za mapambo ni za kingo: ukingo wa mfongo, ukingo wa barabara uliokatwa, ngazi za shamba zinazopata jua. Hapo panda vetiva, mchaichai, au Setaria sphacelata, nyasi ya nyanda za juu yenye masuke membamba ya kahawia yanayosimama wima.

Udongo nao una lake. Ule mwekundu wa volkano unaoanzia mjini kwenda juu unapitisha maji vizuri na hauhitaji kusumbuliwa. Mfinyanzi mweusi wa chini hupasuka Januari na hugeuka bwawa Aprili, na Aprili ndiyo inayoua nyasi za nyika, si Januari. Fanya jaribio hili: chimba shimo la kina cha sentimita 40, lijaze maji, yakishakauka lijaze tena. Kama mara ya pili maji yamelala hadi asubuhi, usipande hapo bila kuinua tuta la sentimita 30 lililochanganywa na changarawe. Huko Kahe na karibu na TPC kuna mahali udongo una magadi na kiangazi huacha ukoko mweupe juu. Mahali hapo chagua nyasi kwa uangalifu zaidi, nami nitakutajia moja.

Nyasi zenyewe

Nitazitaja kwa majina yake ya kisayansi, kwa sababu jina la mtaani hubadilika kila ukivuka mto, na mwenye kitalu anaweza kukuuzia kitu kingine kwa nia njema kabisa.

Ya kwanza kwangu ni Themeda triandra. Hii ndiyo nyasi ya nyika za wanyama, ile inayofanya mbuga ionekane nyekundu kwa mbali mwisho wa mvua. Hufika kiunoni, majani yake huanza kijani chenye buluu kidogo, kisha shaba, kisha kutu. Masuke yake yananing'inia katika vifungu vyenye nywele ndefu nyeusi, na kila mbegu ina unywele unaojisokota na kujisokotoa kadiri unavyolowa na kukauka, hadi mbegu inajipenyeza yenyewe ardhini. Ina tabia tatu unazopaswa kuziheshimu: huchelewa kukaa sawa mwaka wa kwanza, haipendi samadi, na haivumilii kukatwakatwa. Mwenye haraka asianze nayo. Mwenye subira atakuwa na bustani nzuri kuliko zote mtaani.

Cenchrus ciliaris ni ya mwenye haraka. Ina masuke laini ya zambarau yanayopauka kuwa rangi ya majani makavu, inafika mita moja, na inastahimili joto, vumbi na mbuzi. Watafiti wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, huko Kiboko, Makueni nchini Kenya, wameifanyia kazi miaka mingi pamoja na Eragrostis superba katika kurudisha malisho kwenye ardhi iliyochoka. Adui yake ni maji yaliyotuama. Kwenye mfinyanzi mweusi bila tuta, itaoza masika ya kwanza.

Eragrostis superba ndiyo ile niliyoahidi kwa udongo wenye magadi kidogo. Ni ndogo, mara nyingi chini ya mita moja, na vishuke vyake ni bapa, vimepangwa mithili ya visamaki vilivyotungwa kwenye uzi. Ipande kando ya njia, mahali mtu atakapopita karibu na kuitazama, kwa sababu uzuri wake ni wa karibu.

Melinis repens umeiona maisha yako yote. Ndiyo ile ya maua ya waridi pembeni mwa barabara, kwenye vifusi na machimbo ya moramu. Ikipigwa na jua la saa kumi na moja jioni haina mpinzani. Shina lake haliishi miaka mingi, lakini linajipanda lenyewe kwa mbegu, kwa hiyo itahama kidogo kila mwaka. Mwenye kutaka kila kitu kikae pale alipokiweka aiache.

Vitalu vya Moshi na Arusha huuza pia nyasi yenye majani ya zambarau iliyokolea na masuke marefu ya kupinda, Pennisetum setaceum aina ya Rubrum. Hiyo karibu haitoi mbegu hai, huzalishwa kwa kugawa mashina, na inastahimili ukame ikishazoea. Ni mgeni mwema. Ndugu yake wa kijani huzaa mbegu nyingi sana, na huyo nitamzungumzia mbele.

Kwa kingo zinazomomonyoka hakuna kinachoshinda vetiva. Mizizi yake huenda chini wima hadi mita 3, na aina inayopandwa kuzuia udongo haienei kwa mbegu. Watu wengi wanaiona kama dawa ya makorongo tu, lakini shina moja lililoachwa peke yake kwenye kona, likapewa nafasi ya mita nzima kila upande, linakuwa chemchemi ya kijani inayofika kichwani mwa mtu. Mchaichai sihitaji kukueleza. Uweke karibu na mlango wa jikoni, uukate kila unapotaka chai, na uumwagilie kidogo kuliko ulivyozoea.

Kuna ambazo nakusihi usizilete. Mabingobingo ni chakula cha ng'ombe, yanataka unyevu na yatameza ua. Ukoka wa kikuyu unafaa baridi ya juu, mjini utakudai maji mpaka uchoke. Imperata cylindrica, yenye masuke meupe kama pamba, inavutia macho lakini hutambaa chini ya ardhi kwa vizizi vyenye ncha kali, na ukishaipa nafasi hutaiondoa.

Kupata vipando

Mahali bora pa kuanzia ni shamba la chini la familia. Wachaga wengi wana kihamba mlimani na shamba la mahindi tambarare, na kwa vizazi vingi akina mama wameshuka huko kukata majani na kupanda nayo kichwani kulisha ng'ombe wa bandani. Hakuna mtaalamu anayewazidi hao. Muulize mama mmoja ni nyasi ipi inabaki hai baada ya nyingine zote kukauka, naye atakupeleka hadi kwenye shina lenyewe.

Omba ruhusa ya mwenye ardhi. Usichimbe ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro (KINAPA) wala kwenye msitu wa akiba. Huko ni kosa kisheria, na tena hakuna haja. Mahali pazuri ni pale ambapo greda linakaribia kupita kupanua barabara, au kiwanja kinachosafishwa kujengwa. Chukua shina moja kati ya kila kumi unayoyaona, fukia shimo, endelea mbele.

Kama huna uhakika umechimba nini, kausha suke lenye jani na kipande cha shina katikati ya magazeti chini ya kitu kizito, kisha lipeleke Ngaramtoni, Arusha, ambako kuna hifadhi ya taifa ya mimea mikavu chini ya mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA. Kwa mbegu za malisho kama Cenchrus, waulize TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo yenye kituo West Kilimanjaro. Mbegu za Cenchrus zilizovunwa juzi hukataa kuota. Ziweke mahali pakavu miezi sita au zaidi, kisha zipande kwa kina kisichozidi sentimita 1. Themeda kwa mbegu ni kazi ya wavumilivu, kwa hiyo kwa bustani ya nyumbani nenda na mashina.

Kuagiza mbegu au miche kutoka nje ya nchi kunataka kibali cha TPHPA. Binafsi sioni ni kitu gani ungekosa hapa mpaka uagize.

Kupanda

Kazi inaanza Januari, miezi miwili kabla ya mche. Safisha eneo, na ukiona ndago usijidanganye kwamba utaipalilia baadaye. Chimba vinundu vyake vyote unavyoweza kuviona, mwagilia mara moja, kisha tandika karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga, fukia kingo zake kwa udongo, na uache jua la Januari na Februari lipike ardhi kwa wiki sita. Haitaua kila kinundu, lakini itapunguza vita. Ndago ikiingia katikati ya shina la Eragrostis, kuitoa ni kung'oa vyote viwili.

Panda Machi, udongo ukishalowa hadi kina cha kiganja, na usivuke mwisho wa Aprili. Nyasi inahitaji wiki za mvua ili ishushe mizizi kabla Juni haijafika. Vuli ya Novemba ni nafasi ya pili, lakini mpanda wa Novemba ajue kwamba Januari inamkuta na mche mchanga, na atalazimika kubeba ndoo.

Siku ya kuchimba, kata majani hadi sentimita 15 kabla hujagusa mizizi. Ng'oa shina zima kwa sepetu au sululu, likung'ute, kisha ligawe kwa panga kali katika vipande vyenye machipukizi matano hadi kumi, kila kimoja na mizizi yake. Vifunge kwenye gunia lililoloweshwa na uvipande siku hiyohiyo. Kipande kilicholala usiku mmoja na mizizi wazi kwenye buti la gari kimeshakufa nusu.

Chimba shimo linalotosha mizizi bila kuikunja. Usiweke samadi. Najua hili linakwenda kinyume na kila ulichofundishwa juu ya migomba, na kwenye migomba ulifundishwa sawa. Nyasi ya nyika ikilishwa hutoa majani mengi mepesi, inapoteza rangi, na upepo wa kwanza unailaza. Udongo maskini ndio unaoifanya isimame. Weka kipande usawa uleule kilipokuwa zamani, bonyeza udongo kwa kisigino, mwagilia lita 2 au 3.

Nafasi: sentimita 30 kwa Eragrostis, sentimita 50 hadi 60 kwa Themeda na Cenchrus, mita 1 kwa vetiva ya pambo. Kama vetiva hiyo unaipanda kushika ukingo wa mteremko, basi isogeze hadi sentimita 10 au 15 katika mstari unaokatiza mteremko, ili ifunge ukuta. Mwanzoni utaona udongo mtupu mwingi katikati ya mashina na mkono utakuwasha kuongeza mengine. Usiongeze. Mwaka wa pili yatagusana.

Kuhusu matandazo, mlimani majani makavu ya migomba yanatosha. Mjini na chini yake, kitu chochote kikavu ulichokilaza ardhini ni mwaliko wa mchwa, na mchwa wakimaliza matandazo wanaanza mashina. Tandaza kokoto ndogo au changarawe ya volkano, unene wa sentimita 5, bila kuifunika shingo ya nyasi.

Mvua ikikatika wiki mbili mfululizo katika miezi mitatu ya kwanza, kila shina lipe lita 2 au 3 mara moja kwa wiki, jioni, kwa kumimina polepole shinani. Mashina 60 kwa nafasi ya sentimita 60 yanajaza kama mita 20 za mraba, yaani sehemu ya tano ya ule uwanja wa mita 10 kwa 10. Kwa wiki ni lita 120 hadi 180, wakati ukoka wa eneo hilohilo ungetaka lita 700. Mwaka unaofuata hutayapa tone.

Mpangilio

Nyasi moja moja iliyotawanyika huku na huku inaonekana kama palizi iliyosahaulika. Panda makundi: tano za aina moja, saba za nyingine, kisha rudia kundi la kwanza mbele kidogo. Aina tatu zinatosha bustani ya nyumba. Ndefu nyuma, Eragrostis mbele, Melinis ijipenyeze yenyewe.

Jambo linalosahaulika zaidi ni jua. Hapa kwetu, nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, jua linachomoza upande wa mashariki na kuzama upande wa magharibi mwaka mzima. Suke la nyasi linang'aa pale mwanga unapotokea nyuma yake. Kama familia hukaa barazani jioni, panda nyasi upande wa magharibi wa baraza, ili saa kumi na moja jua lipite katikati ya masuke na kukufikia. Kilimanjaro iko kaskazini ya mji. Upande huo weka nyasi fupi, usije ukajizibia mlima ambao wengine wanapanda ndege kuja kuuona.

Wenzake wazuri ni mishubiri, bogonvilia iliyokatwa fupi, na adeniamu kwenye vyungu. Kama una mjakaranda au mkrismasi, usipande nyasi chini yake, ipande mbali kidogo mahali penye jua na uache rangi zikutane: Oktoba zambarau ya jakaranda juu ya nyasi zilizokauka dhahabu, Desemba wekundu wa mkrismasi juu ya masuke mapya ya vuli. Na isale, ambalo kwa Mchaga ni mpaka wa kihamba na jani la kuombea msamaha, lipe upande wenye kivuli wa ua uleule. Wamaasai wa tambarare nao hushika nyasi mkononi kama ishara ya amani. Nimependa daima kuona hayo mawili kwenye ua mmoja, ya mlimani na ya nyika.

Nyoka, moto na jirani

Swali la kwanza utakaloulizwa ni nyoka, na ni swali la haki. Nyoka hufuata panya na vyura, na panya hufuata pumba za kuku, takataka na marundo ya mawe na mbao. Ondoa hayo kwanza. Kisha acha ukanda wa mita 1 wa changarawe tupu kuzunguka nyumba na pande zote za njia, ufagiliwe kila siku. Nyasi ndefu zisikaribie mlango, bomba la nje wala choo. Mashina yaliyopandwa kwa nafasi, yenye udongo wazi katikati, yanakuonyesha kilicho chini yake. Kichaka kilichofungamana hakionyeshi.

Mbu hawazaliwi kwenye nyasi. Wanazaliwa kwenye maji yaliyotuama, na bustani isiyomwagiliwa haina madimbwi.

Moto ni wa kuogopwa kuliko nyoka. Nyasi kavu ya Septemba inawaka kwa cheche moja. Weka mita 3 kati ya nyasi na jiko la kuni, mahali pa kuchomea takataka, na jenereta. Kwenye uwanja mdogo usioweza kutoa mita hizo, panda mishubiri katikati kama kizuizi, au kata nyasi mapema bila kusubiri panga la Februari nitakaloeleza mwishoni.

Halafu jirani. Moshi ni mji unaojivunia usafi, na mtu akiona majani marefu mbele ya nyumba anadhani mwenyewe amesafiri. Dawa yake ni mpaka. Panga tofali au mawe kwa mstari ulionyooka kuzunguka kitanda cha nyasi, ufagie nje ya mstari, ukate ukoka unaovuka. Jicho likiona ukingo safi linaelewa kwamba kilicho ndani kimepandwa. Mwenyekiti wa mtaa au bwana afya akija, mwonyeshe mpaka huo, kokoto na nafasi katikati ya mashina, kisha mweleze habari ya maji.

Sasa yule ndugu wa kijani wa Pennisetum. Nyasi hii, ambayo asili yake ni Afrika ya kaskazini na mashariki hadi Arabuni, ilipelekwa Hawaii kama pambo na leo imefunika miteremko ya lava, inawaka moto na kuchipua tena kabla mimea ya asili haijajikusanya. Cenchrus ciliaris imefanya hivyohivyo kwenye jangwa la Sonora huko Arizona. Huku kwetu Cenchrus iko nyumbani, na kuna wanyama, wadudu na nyasi wenzake wanaoizuia. Hata hivyo, nyasi ya tambarare haina kazi karibu na msitu. Nyasi ya Ulaya, Poa annua, tayari imepanda Kilimanjaro ikifuata njia na kambi za watalii. Anayeishi Marangu juu, Mweka, Umbwe au popote shamba linapogusana na msitu, apande vetiva, mchaichai na zilezile za mahali hapo, na kama anafanya kazi ya upagazi au uongozaji, apige brashi viatu na soksi kabla ya kupita geti. Na ukiwa na ndugu Texas au Muscat aliyeona picha ya bustani yako akaomba mbegu, usimtumie. Mwambie atafute nyasi za nyika ya huko aliko.

Panga la Februari

Kazi ya mwaka mzima ni siku moja. Mwishoni mwa Februari, kabla ya mawingu ya masika, funga kila shina kwa kamba katikati, likate kwa mundu au panga hadi sentimita 10 au 15 kutoka ardhini, ubebe mzigo. Ukikata mapema zaidi, Juni au Julai masuke yakiwa bado machanga, jirani mwenye ng'ombe atayafurahia kwa sababu bado yana chakula. Ya Februari ni makavu mno, yanafaa kulaza bandani au kwenye mboji. Usichome. Themeda porini huzoea moto, lakini moshi wa mjini unaingia kwenye dirisha la mtoto wa mtu mwenye pumu.

Wengine hukata Desemba kwa ajili ya Krismasi, wageni wa kutoka Dar wakifika. Nakushauri usifanye hivyo. Masuke ya vuli ndiyo kwanza yamefunguka, ndege wadogo wanakula mbegu, minana wanachana majani ya kusuka viota, na shina lililokatwa Desemba linaingia kwenye jua la Januari bila kivuli chake lenyewe.

Baada ya miaka mitatu au minne utaona shina limekuwa pete: pembeni machipukizi yenye afya, katikati pametoboka na pamekauka. Hiyo ni dalili ya umri, mbolea haitaiondoa. Ngoja Machi udongo ulowe, ling'oe lote, tupa moyo uliokufa, gawa pembeni vipande vinne au vitano. Kimoja rudisha shimoni, vingine wape wale majirani waliokuja kuuliza habari ya nyoka.